Kitambaa cha Akiba

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024. Asubuhi hiyo Bunda iliamka na baridi kavu. Upepo ulitoka upande wa ziwa ukazungusha vumbi la stendi, na jua lilikuwa jeupe nyuma ya ukungu kama sahani ya bati.

Nyamburi alisimama karibu na basi la Mwanza na furushi la sare za kwaya, akimsubiri kondakta ili amkabidhi mzigo huo. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lenye mabega ya puto, na kilemba cha kitenge hichohicho. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Alikuwa ameondoka nayo kwenye cherehani bila kujua.

Mbele yake mwanaume mmoja mkubwa, mwenye shati jeupe na kitambi kilichomtangulia, aliinama kuinua katoni ya vipuri vya pikipiki. Ikasikika sauti ndefu ya kitambaa kinachokata tamaa.

"Kaka, usigeuke," Nyamburi alisema upesi.

"Nani?"

"Wewe. Usigeuke na usiiname. Simama hivyohivyo kama askari wa gwaride."

"Dada, kwani kuna nini?"

"Kuna upepo. Huusikii?"

Mwanaume yule alipeleka mkono nyuma, taratibu, kisha uso ukamshuka. "Yesu wangu!"

"Ameshakuona. Sasa tusimwonyeshe mtu mwingine."

Alitoa kanga kwenye mkoba akamzungushia kiunoni. Kanga ikagoma kukutana. Nyamburi akachomoa pini mbili kwenye ukosi wa gauni lake, akaunganisha kilichobaki kwa haraka, huku wapiga debe wakianza kupiga miluzi.

"Bwana harusi huyo! Bi harusi kamfunga kamba!"

"Funga mdomo, na wewe utafungwa," Nyamburi aliwajibu, akamshika mkono yule mwanaume na kumwongoza kama anayemwongoza mgonjwa.

Kibanda chake kilikuwa mtaa wa Manyamanyama, chumba kimoja chenye mlango wa bati. Mwanaume alikaa nyuma ya pazia akiwa amevaa kanga, naye Nyamburi akaichukua suruali na kuitazama kwenye mwanga.

"Hii umeinunua lini?"

"Mwaka jana tu. Hawa wa viwandani hawajui kushona."

"Wameshona vizuri. Kitambaa ndicho kimechoka kuvumilia."

Mwanaume alicheka. Kilikuwa kicheko kizito kilichotoka chini kabisa, na mkasi juu ya meza ukatetemeka. Nyamburi aliacha kukanyaga cherehani asikilize mpaka kiishe.

"Unaimba besi wewe," alisema.

"Umejuaje?"

"Meza yangu imeniambia."

Jina lake lilikuwa Enos Werema, mzaliwa wa kijiji cha Murangi, mwenye duka la vipuri mjini Musoma. Alikuwa mnene kwa namna ambayo watu wa kwao waliipenda: mashavu yaliyojaa, shingo yenye mikunjo, hatua za mtu asiyekimbizwa na shida. Alipoondoka, suruali ilikuwa imara kuliko ilivyotoka dukani, na namba ya simu ya fundi ilikuwa mfukoni.

Jioni hiyo simu iliita.

"Halo, fundi wangu."

"Sina mteja anayeniita wangu."

"Basi nianze mimi. Hujambo, roho?"

"Sijambo. Suruali inasemaje?"

"Inasema imekukumbuka. Inataka kupasuka tena ili irudi huko."

"Ipasuke ukiwa nyumbani kwako, bonge wee."

Jina likamkaa. Yeye akawa bonge, Nyamburi akawa fundi, na mapenzi yakashika njia ya kati ya Bunda na Musoma. Jumapili Enos alikuja baada ya ibada, ananukia sabuni na pilipili ya mishikaki aliyokula njiani. Nyamburi alimkaangia sato, akampikia ugali wa muhogo, na soda ilikuwa lazima. Kwao Butiama hakuna aliyemsifu mwanaume mwembamba. Mwanaume akinenepa, sifa ni za mwanamke. Akikonda, watu wanainamishiana vichwa na kunong'ona ugonjwa.

Hapo ndipo Nyamburi alipotenda jambo ambalo baadaye alililia sana mbele za Mungu.

Fundi mzuri anaposhona suruali ya mtu mzima huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Enos alipenda kuacha nguo zake kibandani zipigwe pasi. Nyamburi alimpima kwa macho anapoingia mlangoni, na akiona kiuno kimeongezeka, alifumua mishono ya pembeni, akaachia kidogo, akashona upya na kupiga pasi mpaka alama ikapotea. Hakumwambia. Aliona aibu kumwambia mwanaume kwamba ameongezeka, kama vile ni aibu kumwambia mgeni kwamba amekula sana.

Krismasi ilipofika, Enos alijipiga tumbo mbele ya kioo.

"Unaona, mama? Watu wanasema nanenepa. Suruali ya mwezi wa sita bado inanikaa vilevile! Mwili wangu haubadilikagi."

Nyamburi alikata uzi kwa meno. "Haubadiliki, baba."

Lakini mwili ulikuwa unasema, na macho ya Nyamburi yaliona. Mchana mmoja Enos alisinzia kwenye benchi akiwa katikati ya neno. Akaanza kukoroma, kisha mkoromo ukakatika ghafla, kifua kikatulia, hakuna kinachotoka wala kinachoingia. Nyamburi alisimama na mkasi mkononi. Alikuwa anataka kupiga kelele wakati Enos aliposhtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyetolewa majini.

"Vipi?" aliuliza, macho mekundu.

"Hakuna. Ulikuwa unaota."

Usiku huo alipiga magoti akaomba, "Bwana, mlinde." Ni sala njema. Ila Mungu alikuwa amempa macho na mdomo pia, na mdomo aliuacha umefungwa.

Kabla ya Kwaresima Enos alianza kubadilika. Alikuja kwa nadra. Sato alikula kipande kimoja, soda akasema imemchosha. Aliacha kumgusa hata mkono kwa muda mrefu, akawa anautazama ukuta wanapozungumzia watoto watakaowazaa. Na uso ukaanza kupungua.

"Umechoka kula kwangu?" Nyamburi alimuuliza kwenye simu.

"Hapana, roho yangu. Tumbo tu."

"Tumbo lile halijawahi kunikatalia."

"Limezeeka." Alicheka, lakini kicheko hakikufika chini kama zamani.

"Enos, kuna kitu?"

Pikipiki ilisikika ikiwashwa dukani kwake. "Kuna wateja, fundi. Nitakupigia."

Hata hivyo alikuja kuposa. Mwezi wa sita, mwaka mmoja baada ya siku ile ya stendi, alipanda Butiama pamoja na baba yake mdogo, mzee Ephraim, na dada yake Gaudensia. Alivaa suti ya kijivu ambayo Nyamburi aliishona kwa mikono yake. Baba yake Nyamburi alikuwa amefariki, kwa hiyo aliyewapokea alikuwa baba mkubwa, mzee Eliasi, mtu wa maneno machache. Jikoni aliongoza shangazi Rhobi, ambaye maneno yalimzidi.

Mbuzi alichinjwa, ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo ukapikwa. Sahani ya mkwe mtarajiwa haiachwi iende yenyewe siku kama hiyo. Akina mama huifuata kwa macho kutoka mlango wa jikoni. Ikirudi tupu, wanapiga vigelegele. Ikirudi imejaa, chungu cha nyumba kimedharauliwa.

Nyamburi alikuja na birika na beseni, akapiga magoti kuwanawisha wageni. Alipofika kwa Enos, koti lilikuwa wazi, na kiuno cha suruali kikawa sawasawa na macho yake. Aliona mshono ambao hakuushona yeye. Kiuno kilikuwa kimevutwa ndani, pande zote mbili, kwa uzi mweusi zaidi ya ule wake. Mshono ulikuwa mdogo, mwepesi, wa mkono wenye subira. Mkono wa mwanamke, aliwaza.

Maji yalimwagika nje ya beseni.

"Taratibu, fundi," Enos alinong'ona.

Nyamburi alifuta maji yale haraka. Alirudi jikoni, na kutoka pale mlangoni alimwona Enos akimega tonge dogo, akichagua nyama isiyo na mafuta, kisha akisogeza sahani pembeni.

Shangazi Rhobi alishika kiuno, akapaza sauti mpaka kwa wageni. "Mbona mkwe anakula kama anayeonja chumvi?"

Mzee Ephraim alijaribu kuokoa. "Mapenzi yamemshibisha, shemeji."

"Mapenzi ya nani? Mwili ule haukujengwa kwa tonge mbili. Mwanaume asiyekula kwa wakwe kashiba kwingine!"

Walicheka, baadhi kwa utani tu. Nyamburi hakucheka. Alimwita Enos nyuma ya nyumba, karibu na tanki la maji.

"Nani ameishika suruali niliyoshona mimi?"

Enos alishusha macho kiunoni. "Fundi."

"Fundi gani?"

"Nyamburi, si hapa." Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na vichwa viwili vya akina mama vilionekana vikijifanya vinachambua mboga.

"Fundi huyo anakupikia pia?"

Alifungua mdomo. Ikabaki kidogo aseme. Hata Nyamburi aliliona neno likija. Kisha akatazama lile dirisha, akaufunga. "Nikifika Musoma nitakupigia. Nitakueleza yote."

"Ukifika kwake mwambie anyooshe mshono wa kushoto. Umepinda."

Aliingia ndani, akamwambia baba mkubwa kwamba hataki posa. Wageni waliondoka kabla ya chai. Nyama ilibaki kwenye chungu, na hakuna aliyekuwa na hamu nayo.

Enos alipiga simu jioni ile, akapiga kesho yake, akapiga hata kwa namba ya watu. Nyamburi aliifunga kila namba. Alishona usiku na mchana, akamwomba Mungu amtoe Enos moyoni. Mungu hakumtoa. Yako maombi ambayo kucheleweshwa kwake ni huruma, ila mwombaji hajui.

Mwezi wa tisa simu ya Gaudensia iliita.

"Wifi."

"Mimi si wifi yako, Gaudensia."

"Sawa, dada. Usikate." Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka akakauka. "Enos ameanguka dukani. Wanasema kiharusi. Upande wa kulia haumsikii."

Nyamburi alikaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Na huyo mwanamke wake yuko wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Anayempikia."

"Mungu wangu, Nyamburi! Ndiyo ulivyodhani? Hakuna mwanamke. Alikuwa mgonjwa. Presha, sukari. Alikuwa anapungua vizuri kabisa, anatembea kila asubuhi mpaka Makoko. Ulipomkataa alirudi kwenye chipsi mayai na soda, dawa akaziacha juu ya kabati. Nilimgombeza. Akaniuliza, namkondea nani?"

Nyamburi alifika Musoma siku hiyohiyo, bado ana nyuzi kwenye sketi. Hospitalini alimkuta Enos kitandani karibu na dirisha, mdomo umevutika upande mmoja, mkono wa kulia umelazwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Alipomwona, aligeuza uso.

"Bonge langu," Nyamburi alimwita.

"Bonge... limeanguka," alijibu. Maneno yalitoka polepole, yakiburuzana. Ile besi haikuwepo.

Nyamburi alimshika mkono usiosikia. Walikaa hivyo mpaka muuguzi akapita na kurudi. Kisha Enos akaanza kusimulia, anapumzika, anaendelea.

"Kuna siku kwenye kwaya... nilishindwa kumaliza ubeti. Pumzi iliisha. Nikaenda kupima. Daktari akasema kitambi cha mwanaume hakikai nje tu, kama mzigo wa kubeba. Mafuta yanaingia ndani. Yanalisonga ini, yanapandisha presha na sukari. Ukilala shingo inabana koo, ndiyo maana nilikuwaga nakata pumzi." Akatazama dari. "Akaniuliza na habari za... uanaume. Nikamwambia ukweli. Ulikuwa umelegea, Nyamburi. Akasema ni huohuo mwili, lakini nikipungua mambo yanaweza kurudi. Mimi nilikuwa naenda kukuoa. Ningeanzaje kukwambia?"

"Ungeanza na jina langu. Mengine ningekusaidia."

"Nilitaka nipone kwanza. Suruali zikaanza kunivuka. Nikaogopa utaona, useme nina ule ugonjwa. Nikampelekea Bernado anipunguzie kidogokidogo."

"Bernado nani?"

"Mzee wa sokoni. Mwenye miwani."

Nyamburi aliweka kiganja mdomoni. Kilichotoka kilikuwa kicheko na kilio kwa pamoja. "Yule babu mwenye jino moja? Enos, mimi niliona ni mkono wa mwanamke!"

"Ana mkono... mwepesi."

"Na mshono wake umepinda."

"Nilimwambia."

Walicheka wote wawili, na upande mmoja wa uso wa Enos haukucheka. Nyamburi alipouona, kicheko kikamkauka.

"Na mimi nina langu," alisema. "Nguo ulizokuwa unaniachia, nilikuwa nazipanua. Kila kiuno kikiongezeka nafumua, naachia, napiga pasi. Ile suruali ya mwezi wa sita niliipanua mpaka kitambaa cha akiba kikaisha. Nikakuacha ujidanganye mbele ya kioo. Niliona na pumzi yako ikikatika pale kwenye benchi, nikasema unaota."

Enos aligeuza kichwa juu ya mto, akamtazama. Nje ya dirisha mtu alikuwa anauza dagaa, anaita bei.

"Kwa nini?"

"Nilidhani nakuheshimu."

"Na mimi nilidhani nakulinda," alisema. Akafumba macho, na chozi likateremka kuelekea sikioni. "Mwaka mzima, fundi. Tungeutumia vipi mwaka ule, kama tungesemezana?"

Nyamburi alimfuta chozi. Ziko hasara ambazo hata toba haizirudishi. Mungu husamehe, lakini mkono hubaki umelala juu ya shuka.

Mvua za vuli zilipoanza, Enos aliruhusiwa kutembea kwa fimbo. Alijifunza kushika kijiko kwa kushoto. Daktari alimpa matumaini kwa kipimo: apungue, ameze dawa, atembee, na mengine yatajulikana baadaye. Kuhusu watoto hakutaka kumdanganya. Nyamburi alikuwa akienda Musoma kila alipopata nafasi, wakatembea pamoja asubuhi, yeye akipunguza hatua.

"Watu wanatutazama," Enos alisema siku moja.

"Watazame. Wanaona mrembo na babu yake."

"Babu huyu alikuwa anainua katoni za vipuri."

"Na akapasua suruali."

Lakini Enos alikuwa amekata shauri moyoni. Jumamosi moja, bila kumtaarifu Nyamburi, alimwomba mzee Ephraim na Gaudensia wampeleke Butiama. Nyamburi alikuwa huko kumsaidia shangazi kupanda maharage. Aliliona gari likisimama uani, na Enos akishushwa, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote ingawa kola ilimpwaya.

Mzee Eliasi aliwakaribisha sebuleni. Enos hakukaa. Aliegemea fimbo.

"Wazee wangu, niliondoka hapa na aibu, na kosa lilikuwa langu. Sikula chakula chenu kwa sababu nilikuwa mgonjwa, nikaona haya kusema. Leo nimekuja kumwachia Nyamburi aende kwa amani. Amekuwa ananihudumia. Sitaki auite uchumba. Ni kijana, atapata mtu mzima mwenye mikono miwili."

Shangazi Rhobi alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mwanangu, ni mimi niliyesema umeshiba kwingine. Mdomo huu!"

"Hukukosea peke yako, shangazi."

Mzee Eliasi alikohoa. "Umesema kiume. Na mimi nitasema kama baba. Nyumba haijengwi kwa huruma. Leo msichana anakulilia, kesho anachoka, keshokutwa anaulizwa watoto wako wapi. Maneno yako ni ya busara, tuyapokee." Akamgeukia Nyamburi aliyesimama mlangoni, mikono ina udongo wa shambani. "Lakini kwetu binti huulizwa mbele ya watu. Nyamburi, mtu huyu unamfahamu?"

Enos alitikisa kichwa, akimsihi kwa macho akatae. Mvua ilianza kupiga bati, na Nyamburi alilazimika kupaza sauti ili wote wamsikie.

"Namfahamu, baba. Namjua anavyokoroma mpaka pumzi inakatika. Naijua presha yake na sukari yake. Najua mkono wake huenda usirudi, na habari ya watoto iko kwa Mungu, hata mwanaume mwenye mikono miwili hawezi kuniahidi. Mara ya kwanza nilimpenda nikamnyamazia, na kunyamaza kwangu kumemgharimu. Siombi kuolewa kwa huruma. Namtaka." Aliingia hatua moja sebuleni, akaendelea. "Basi mbele za Mungu, mbele yako baba, mbele ya shangazi na wageni hawa, naahidi: sitamnyamazia tena Enos Werema. Nikiona anajiua kidogokidogo nitasema, hata akininunia wiki nzima. Na kila siku nitakayowasha moto nyumbani kwake, nitampikia kama mtu ninayetaka azeeke."